Kosa la Kumi na Moja

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipoinua mkono katika mkutano wa wazazi wa darasa la saba. Nazijua dakika hizo kwa sababu kabla ya kusimama nilitazama saa yangu ya mkononi, na niliitazama kwa makusudi, ili watu waone kwamba ninayo.

Mkutano ulikuwa ndani ya darasa la binti yangu, pale Kihonda. Madawati hayakuwatosha hata wanafunzi wenyewe, kwa hiyo akina mama walibanana watatu watatu, na sisi wanaume tukasimama tukiegemea kuta. Mwalimu mkuu alikuwa amemaliza kutusomea mchango wa madawati. Miaka michache nyuma shule haikudai kitu zaidi ya mtoto kufika na sare na jembe. Sasa kila mwezi ulikuja na mchango wake: dawati, mlinzi, karatasi za mtihani wa majaribio. Watu walinung'unika kidogo, wakakubali. Kisha mwalimu mkuu akasema tumefika kwenye mengineyo, mwenye neno aseme.

Mimi nilikuwa na neno. Nilikuwa nimeliandika nyumbani kwenye karatasi ya mistari, na nimeligawa kwa nambari, moja hadi kumi na moja.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nilijisomea mwenyewe, kwa vitabu viwili alivyoviacha fundi mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake: kitabu cha hesabu cha Kiingereza, na kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, kiasi kwamba maneno yaanzayo na W yalinisumbua kwa miaka mingi. Nilivisoma vyote viwili kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio, na nilipovimaliza nilirudia. Kiwandani walishaanza kupunguza watu. Wageni walikuwa wakija na kupima mitambo kwa macho, na kila aliyekuwa na akili alijua kwamba kiwanda kitauzwa na sisi tutabaki nje. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, lakini sekondari za kulipia zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na nilishaweka fedha kando. Niliitaka ile nafasi ya kidato cha kwanza kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Kila alasiri nilikagua madaftari yake. Sikuangalia kazi yake tu. Nilikagua na usahihishaji wa mwalimu. Kwa kazi hiyo nilinunua kalamu nyekundu. Kwetu kalamu nyekundu ni ya mwalimu. Mzazi akitakiwa kuweka sahihi, anaweka kwa ya bluu, na nilijua hivyo vizuri kabla ya kuinunua.

Basi nikasimama nikasoma. Kosa la kwanza, jumla ya sehemu mbili, mwalimu ameweka vema mahali pa mkasi. Kosa la pili, jina la mto limeandikwa kwa herufi ndogo na halikusahihishwa. Mwalimu wa darasa, mwanamke aliyenizidi unene na niliyemzidi umri kama miaka minane, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ubao, mikono mapajani. Mpaka kosa la tano alikuwa akinitazama. Kuanzia la sita alitazama sakafu.

“Kosa la kumi na moja,” nikasoma. “Somo la Kiingereza. Mwalimu amechora saa, mshale mfupi upo kwenye nane. Amewaambia watoto waandike ‘It is two o'clock’, kwa sababu sisi tunasema saa mbili. Binti yangu ameandika ‘eight’. Amekosolewa.”

Waliojua walicheka kwanza. Wasiojua wakacheka baada yao.

“Mwalimu,” akasema baba mmoja wa dirishani, “Mzungu akikuita kazini utafika wenzio wanakula cha mchana.”

“Mwacheni mwenzenu,” mama mmoja akadakia, “vitumbua vyake mbona havichelewi?”

Hapo kicheko kikawa cha darasa zima. Mwalimu yule alikuwa akiuza vitumbua wakati wa mapumziko, kwenye beseni chini ya meza yake. Karibu walimu wote waliuza kitu, mshahara haukuwa unafika katikati ya mwezi.

Ningeweza kukaa. Karatasi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini niliongeza jambo ambalo halikuwamo.

“Huu ndio ualimu wa UPE,” nikasema. “Mtu anamaliza darasa la saba leo, kesho anarudi kulifundisha darasa la saba.”

Watu wa rika langu waliuelewa mchomo huo. Nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule, walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu huku wakifundisha, na tangu hapo jina hilo likawa tusi. Sikuuambia mkutano kwamba na mimi shule yangu iliishia darasa hilo hilo.

“Mzee, inatosha,” mwalimu mkuu akasema.

Yule mwalimu akasimama, akasema, “Ahsante, mzazi. Nimesikia,” akakaa tena. Mkutano ukafungwa. Nje watu wawili walinipa mkono. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kama mtu aliyelipwa malimbikizo.

Jumatatu binti yangu alirudi na daftari ambalo halikuwa na alama yoyote, si vema wala mkasi.

“Hukukusanya?” nikamwuliza.

“Nimekusanya, baba. Mwalimu amesema daftari langu tayari lina mwalimu wake.”

Halikusahihishwa siku ile wala siku yoyote baadaye. Darasani wakampa jina, Mkaguzi. Akiinua mkono kujibu swali, kuna mtoto angesema kwa sauti ya chini, “Kimya, Mkaguzi anasema,” na yeye akaushusha. Wakati huo mwalimu alikuwa na tuisheni nyumbani kwake baada ya shule, shilingi hamsini kwa siku, na sehemu ya masomo ambayo haikufundishwa darasani asubuhi ilifundishwa kule alasiri. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote kumi na moja, na halikuwamo kwenye karatasi yangu, kwa sababu kila mzazi alilijua na kila mzazi alilipa. Binti yangu hakwenda. Mwalimu hakumkataza, mimi ndiye niliyemkataza.

Nikawa mwalimu wake. Nilitoka kiwandani saa tisa na nusu, na kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jua linapozama tulikaa ukumbini, mimi upande mmoja wa meza na yeye upande wa pili. Nilikuwa na rula ya chuma ya stoo. Nilimpiga nayo juu ya vifundo vya vidole, kwa ubapa kosa la kwanza, kwa ukingo kosa likirudiwa. Sikumpiga kwa hasira hata siku moja, na hilo nililihesabu kuwa sifa.

Sheria yangu moja ilikuwa juu ya saa. Nilimwambia kwamba mdomo useme unavyotaka, lakini tarakimu ikishaandikwa lazima ifuate uso wa saa. Mtu akisema saa mbili, andika nane. Ukiona imeandikwa mbili, soma nane. Alikosea mara nyingi mwanzoni, kwa kuwa nyumba nzima, mtaa mzima na redio vilisema kinyume. Baada ya mwezi alikuwa hakosei. Alikuwa pia haongei. Mtoto ambaye zamani alikuwa akinisimulia kila kitu tangu mlangoni, sasa aliingia, akaamkia, akafungua daftari.

Mke wangu ni Mluguru wa Mlali, mtu wa maneno machache. Jioni moja alikuja kuweka taa mezani, akaona mkono wa mtoto.

“Nenda kamwombe mwalimu radhi,” akaniambia.

“Kwa kosa gani?”

“La kumi na mbili.”

Nilidhani maneno yale ni ya mtu asiyeelewa elimu.

Mwezi uliofuata lilikuja tangazo la mtihani wa kujiunga na sekondari moja ya kulipia, iliyokuwa chini ya milima kwenye njia ya Mlali. Ilikuwa shule mpya, ya bweni, yenye sifa nzuri. Fomu zilipitia shule za msingi. Nililipa elfu moja mia tano. Siku ya Jumatano mwalimu aliandika tangazo ubaoni na watoto wakalinakili. Binti yangu alinipa karatasi yake. Naweza kuiandika yote hapa kwa kumbukumbu: “Mtihani wa kujiunga. Jumamosi. 2:00. Kalamu mbili, penseli, rula.”

“Saa nane mchana,” nikasema.

“Baba, wenzangu wamesema asubuhi.”

“Wenzako ndio watakaosahihisha mtihani?”

“Hapana.”

“Mwalimu alisemaje?”

“Alisema saa mbili.”

“Alitamka asubuhi?”

“Alisema saa mbili, baba.”

“Imeandikwa ngapi?”

“Mbili.”

“Mbili ya tarakimu ni saa ngapi?”

Alitazama vidole vyake. “Nane.”

“Ya usiku au ya mchana?”

“Ya mchana.”

“Basi unajua. Kwa nini unabishana?”

Nieleze nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri kwa makini, na kwa makini ndivyo nilivyokosea. Nilijiambia hivi: sekondari inafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo saa zake ni za Kiingereza. Tangazo limeandikwa na mwalimu niliyemsahihisha mbele ya watu kuhusu jambo hili hili. Mtu aliyeaibishwa namna ile harudii. Kwa hiyo mbili yake sasa ni mbili sahihi. Niliyaamini marekebisho yangu. Niliamini kwamba mwanamke yule alilala na kuamka akiwaza karatasi yangu.

“Kaulize tu,” mke wangu akasema kutoka jikoni. “Hata kwa jirani. Mtoto wao naye amejaza fomu.”

“Siendi kuuliza saa kwa muuza vitumbua.”

“Nimesema jirani.”

“Na jirani kaambiwa na nani?”

Jumamosi binti yangu alivaa sare tangu alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu jirani na mtoto wake walipita mbele ya nyumba, mtoto amebeba rula mkononi. Jirani akatuita, “Vipi, hamjatoka?” Nikamwambia sisi tuna nafasi. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini, akawatazama mpaka walipokata kona. Nikamwambia aache kutazama watu, afungue sehemu ya desimali.

Hakugeuza ukurasa hata mmoja asubuhi ile. Niliona, na nilimsema kwa hilo.

Tulitoka saa sita kamili kwa baiskeli, yeye nyuma kwenye keria. Milima ilikuwa wazi kabisa siku hiyo, bila wingu. Tulifika saa nane kasoro robo, na nakumbuka niliridhika na dakika kumi na tano nilizozibakiza. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini akimenya chungwa.

“Shikamoo,” binti yangu akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mzee, mmekuja kumchukua nani? Wote walishaondoka.”

“Tumekuja kwenye mtihani.”

“Mtihani wa asubuhi?”

Kupitia lango niliona vijana wawili wakirudisha madawati ndani, na mwingine akifagia vipande vya karatasi.

Kutoka langoni mpaka ofisi ya mkuu wa shule ni kama hatua hamsini. Nilizitumia hatua hizo kutafuta cha kusema. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kwa mtu aliyejizoeza kufikiri kwa mpangilio, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshapata.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mpole wa sauti. Mbele yake kulikuwa na rundo la karatasi za mtihani. Alitukaribisha tukae. Binti yangu alimwamkia akabaki amesimama.

“Mwalimu,” nikasema, “tumechelewa. Mtoto alinakili saa vibaya ubaoni.”

“Alinakili ngapi?”

“Alinakili saa nane.”

Aliniangalia, kisha akamwangalia mtoto. “Ni bahati mbaya,” akasema. “Unajua, mzee, kosa la mzazi mimi simbebeshi mtoto. Leo asubuhi amekuja mzee mmoja wa Dakawa. Alimweka kijana wake shambani akifukuza ndege kwenye mpunga, akasahau siku mpaka mtihani umeshaanza. Amekuja anahema, kijana hana hata kalamu. Kakiri mwenyewe, mwalimu kosa langu. Nimempa Jumamosi ijayo, atafanya peke yake hapa ofisini. Lakini mtoto mwenyewe akiwa hawezi kunakili saa ubaoni, mimi nitasema nini kwa wale waliofika? Nafasi ni chache, na kusoma tangazo nako ni mtihani.” Akamgeukia. “Binti, ni wewe uliyekosea?”

Alinitazama. Sikumpa ishara yoyote. Nilitazama rundo la karatasi.

“Ndiyo, mwalimu,” akasema. “Nilikosea kunakili.”

“Na sasa unajua ulikosea wapi?”

“Ndiyo, mwalimu.”

Mkuu wa shule alishika kalamu mkononi, akiwa bado ananitazama. Nadhani alikuwa akinisubiri. Sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa na maneno mawili tu, kosa langu, na yule mzee wa Dakawa alikuwa ameshanionyesha linavyosemwa na thamani yake. Karatasi aliyoinakili binti yangu ilikuwa mfukoni mwangu, tarakimu yake imeandikwa vizuri. Ningeweza kuitoa nikamwonyesha.

Mkuu wa shule akaandika juu ya fomu yetu kwamba amekosa mtihani, akaiweka upande mwingine wa meza, akatupa pole.

Njiani hatukupanda. Nilisukuma baiskeli, yeye akanifuata nyuma hatua tano au sita. Tulipokaribia mjini nikamwuliza, bila kugeuka:

“Kwa nini ulikubali?”

“Wewe ndiye uliyesema, baba.”

Nyumbani niliyarudia maneno yale yale kwa mke wangu: mtoto amenakili vibaya. Nikayasema mtoto akiwepo. Mke wangu akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliisoma polepole.

“Hapa ameandika mbili,” akasema. “Mtihani ulikuwa saa mbili. Amekosea wapi?”

Nilianza kumweleza habari za uso wa saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda kuinjika ugali.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimekusudia kumshtaki mwalimu kwa mwalimu mkuu, lakini nilimkuta yeye kwanza, mlangoni mwa darasa, beseni limefunikwa kitambaa, watoto wamemzunguka na sarafu.

“Mwalimu, uliandika 2:00.”

“Ndiyo.”

“Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi.”

“Saa mbili, nikaandika mbili. Wazazi wote wamefika, mzee, na wengine hawajui kusoma kabisa.”

“Nilikusahihisha mbele ya watu.”

Alimrudishia mtoto chenji kabla ya kunijibu. “Ulinisahihisha Kiingereza,” akasema. “Tangazo lilikuwa la Kiswahili.”

Watoto waliokuwa karibu hawakucheka. Hawakuelewa. Mimi nilielewa mara moja, na nakiri kwamba kilichoniuma kwanza hakikuwa mtoto. Kiliniuma kwamba alikuwa amesema sawa, na kwa maneno machache kuliko yangu.

“Nilikuwa pale Jumamosi,” akaendelea. “Niliwapeleka wale ambao wazazi wao hawakuweza. Nilisimama langoni nikimsubiri mwanao, mpaka mtihani umeanza, mpaka mlinzi akafunga. Nikadhani anaumwa. Mkuu amekuambiaje?”

Nikamwambia amekataa.

“Ulimweleza ni wewe uliyekosea?”

Nililitazama beseni.

“Rudi ukamweleze,” akasema. “Yule si mtu mgumu. Ukimwambia ukweli kabla ya Jumamosi, atampa.” Akakifunika kitumbua kilichobaki, kengele ikagongwa, akaingia darasani.

Kwa hiyo nilikuwa na siku tano, na baiskeli, na njia niliyoijua. Kila jioni nilipanga kwamba kesho. Kwenda kumwambia mkuu wa shule kwamba nilikosea saa, hilo ningeliweza. Nilishafanya mazoezi ya maneno. Lakini ningelazimika kumwambia pia kwamba nilikaa kitini nikamwacha mtoto wa miaka kumi na minne aseme uongo kwa niaba yangu, na kwamba nilimtazama anavyousema. Hilo sikuliweza Jumanne, sikuliweza Jumatano. Alhamisi mke wangu akaniuliza mara moja tu, “Utakwenda?” Nikasema nitakwenda kesho. Ijumaa nilibaki kiwandani mpaka saa kumi na mbili kuhesabu bolti ambazo wote tulijua zitauzwa kwa kilo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikuwa ukumbini. Binti yangu alikuwa amekaa upande wake wa meza na daftari limefunguliwa, kwa kuwa sikuwa nimemwambia masomo yamekwisha. Nilimpa hesabu za asilimia. Alizifanya zote, na zote zilikuwa sahihi. Hakuuliza chochote. Wakati ule yule kijana wa Dakawa alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, na sikuweza kufikiri kitu kingine.

Matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, binti yangu alikuwa amefaulu lakini hakuchaguliwa. Hatukuwa peke yetu. Shuleni kwetu walichaguliwa wachache sana, na sikumlaumu mtu. Mtoto wa jirani alianza kidato cha kwanza kule chini ya milima na sanduku jipya la bati. Siku alipoondoka, binti yangu alikwenda kumsaidia kubeba godoro mpaka barabarani.

Wiki mbili baadaye alikuja kaka wa mke wangu kutoka Mlali, na gunia la maharage begani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno juu yake ambalo baba hawezi kulipinga kwa urahisi. Kwa miaka yote hakuwahi kulitumia neno hilo nyumbani kwangu. Alikula, akanawa, akasubiri vyombo viondolewe.

“Shemeji,” akasema, “nimekuja kumchukua mtoto.”

“Kwenda kufanya nini?”

“Kukaa.”

“Huko hakuna shule ya sekondari atakayoingia.”

“Na hapa ipo?”

Mke wangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilimtazama, akatazama nje. Nikajua ni yeye aliyemwita.

“Atalima?” nikauliza.

“Atalima, atauza nyanya, atakaa na bibi yake. Akitaka kucheka atacheka. Nimeuona mkono wake, shemeji. Maji ya kunawa kanimiminia yeye.”

Nilianza kusema juu ya nidhamu na vitabu. Nilikuwa bado na mengi ya kusema. Alinisikiliza kwa heshima zote, kama watu wa milimani wanavyomsikiliza mgeni. Ndani nilisikia binti yangu akifunga nguo zake. Hakuwa na nyingi, na hakuchukua muda. Vitabu vyangu viwili alikuwa amevipanga mezani, na juu yake madaftari yake yote, mpaka yale ambayo hayakujaa.

Alipotoka alinipigia goti akaniaga. “Shikamoo, baba. Nakwenda.”

“Marahaba,” nikasema. Sikupata neno lingine, na sikulitafuta kwa bidii.

Mjomba alisimama, akaliweka gunia tupu begani. Mlangoni akageuka.

“Ile ada uliyokuwa umeiweka, ipo?”

“Ipo.”

“Kiasi gani?”

Mtu mwingine angesema ipo ya kutosha, au angesema chukueni. Mimi nilichukua kalamu. Ada ya miaka miwili, elfu thelathini na mbili kila mwaka, ni elfu sitini na nne. Sare, sanduku na godoro, elfu tisa mia tano. Nikatoa elfu moja mia tano za fomu. Walinisubiri wote watatu wakiwa wamesimama, mpaka nikamaliza na kuhakikisha.

Nilipomtajia, mjomba aliitikia kwa kichwa. “Haya, shemeji. Baki nazo,” akasema, akatoka na binti yangu.

Nilikuwa nimeokoa shilingi elfu sabini na mbili.